Chini ya Pete

Kutaisi, Januari. Bomba la maabara limeganda
na Mwalimu Mzevinar anachemsha maji kwenye birika
ili tunawe. Sekunde ishirini, anasema,
si kulowesha, ni kusugua. Kucha. Katikati ya vidole.
Gumba, ambalo kila mtu hulisahau.

Kisha macho yake yakatua mkononi mwangu.
"Tekla, na hiyo pete?"
Haipiti kwenye fundo, nikasema. Nilidanganya.
Ilikuwa ya mama. Tangu tumzike sijaivua.

Hakunigombeza. Alinisukumia sahani ya agari,
ya manjano, inatetemeka kama mchuzi uliolala.
Bonyeza. Kidole chenye pete, kisha kisicho nayo.
Andika jina chini ya sahani, si juu ya kifuniko;
vifuniko huhama, mwanangu.
Ipindue kichwa chini, jasho lisiidondokee,
uilaze kabatini, kwenye joto la mwili wa mtu.

Siku mbili tukingoja, tulifundishwa kutambua.
Bakteria: chembe moja, nyumba ya chumba kimoja,
kila kitu kimetandazwa sakafuni. Akishiba,
wapo wanaojigawa kila dakika ishirini.
Wengine duara, wengine fimbo, wengine msokoto.
Kuvu ana nyumba kubwa zaidi, na chumba cha ndani.
Kirusi hana nyumba. Kirusi ni barua
isiyosomeka mpaka ipenyezwe mlangoni mwa mwingine,
na huyo mwingine, maskini, anaanza kuinakili.

Davit akauliza mbona basi mama yake
humpa vidonge vya antibiotiki kila akipata mafua,
vile vilivyobaki mwaka jana.
"Vinabomoa kuta," mwalimu akajibu,
"na kirusi hana ukuta wa kubomolewa.
Unawapiga wapangaji wako tu.
Watakaopona kipigo ndio watakaozaa."
Davit alicheka peke yake, kisha akanyamaza.

Kupaka rangi kulinishinda mara tatu.
Nikajitungia haya, nikayanong'ona kwenye basi
huku kioo kikiwa cheupe kwa pumzi zetu:

Zambarau tangulia, dakika moja ishike,
Aidini fuatia, rangi ndani ifungike,
Pombe kali mwagilia, wembamba wasafishike,
Nyekundu ukitilia, walio uchi wavike.

Mwenye ukuta mnene habanduki zambarau.
Mwenye mwembamba hutoka waridi.
Ndivyo daktari anavyojua dawa ipi aanze nayo
kabla hata ya kujua jina la mgonjwa wa kitanda cha nne.

Siku ya tatu nikafungua kabati.
Kidole kitupu: madoa machache, kama chumvi iliyomwagika.
Kidole cha pete: taji.
Duara nzima, nyeupe, nyeupe tena, tone moja la dhahabu,
pete ya pili iliyoota juu ya ile ya kwanza.
Mwalimu alitazama, akaenda kuchemsha maji.

Nyumbani bibi Tsiala alikuwa anafunika matsoni,
mtungi wa maziwa aliouviringishia koti kuukuu la babu.
Kijiko cha jana ndani ya maziwa ya leo:
hicho kijiko sisi hukiita mama.
Hiki, akasema, ni kile kile cha binti yangu,
sijawahi kukiacha kife, hata wiki ile ya mazishi.
Nilimwambia: bibi, humo kuna mamilioni, wako hai.
Akanitazama kama niliyemwambia theluji ni baridi.

Pete niliivua kwa sabuni ya vyombo.
Iliacha alama nyeupe, laini, ya ngozi isiyoona jua.
Siku hizi iko kwenye sahani ya chai, juu ya friji,
naivaa Jumapili.

Jumatatu nikanawa.
Nilihesabu mpaka ishirini, nikaanza na gumba.